Kopa kwa Kalenda ya Mvua: Mwongozo wa Mikopo kwa Mkulima wa Malindi

Masika ya 2021 shangazi yangu wa Kakuyuni alikopa shilingi 10,000 kwa simu. Akanunua mbegu ya mahindi, mfuko wa mbolea, na zilizobaki akawalipa vibarua. Mvua ilinyesha wiki moja na nusu, mahindi yakafika magotini, kisha ikakata. Siku ya 30 simu ikaanza kulia kabla jogoo hajawika.

"Shangazi, si ungewaambia mahindi hayajakomaa?"

"Nimewaambia, mwanangu. Wao hawajui mahindi, wanajua tarehe."

Aliuza mbuzi wawili, tena kwa bei ya ukame, wakati kila mtu anauza na hakuna anayenunua. Jirani yake, wa upande wa pili wa uzio, msimu huohuo alichukua shilingi 6,000 katika chama chao cha kuweka na kukopa, akanunua vipando vya muhogo na mifuko ya kuhifadhia kunde. Mvua iliyomkatikia shangazi ilimkatikia na yeye, lakini muhogo ulisinyaa kisha ukaamka vuli ilipodondosha matone mawili matatu. Mkopo mmoja ulizidisha ukame, mwingine ukaupunguza makali.

Tangu siku hiyo mimi, ambaye ni mweka hazina wa kikundi chetu, nimekuwa nikiulizwa swali moja: nikope au nisikope? Jibu langu halibadiliki. Kopa, lakini mkopo ufuate mvua. Kubadilisha kilimo kunataka fedha miezi kadhaa kabla ya kuvuna, na mkulima asiye na akiba wala pa kukopa hurudia mbegu zilezile shamba lilelile, si kwa sababu hajui hali ya hewa imebadilika, ila hana cha kubadilishia. Haya yafuatayo ndiyo ninayowapitisha wanachama, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: tenga unachotaka kununua katika mafungu mawili

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande wa kulia andika vitu vitakavyobaki hata msimu ukikataa: tangi la maji, pampu, mipira ya umwagiliaji wa matone, lambo dogo, mifuko isiyopitisha hewa, vipando vya muhogo, miche ya mwembe iliyobebeshwa. Upande wa kushoto andika vinavyokufa na msimu: mbegu ya mahindi, mbolea, dawa, ujira wa palizi.

Kanuni yetu ni kwamba deni kubwa liende kulia. Upande wa kushoto tumia akiba kwanza, na ukikopa, kopa kidogo. Wengi hufanya kinyume kwa sababu mbegu na mbolea ndizo zinazolia kwa sauti kubwa Machi ikifika. Lakini mbolea ikishaingia kwenye udongo mkavu huwezi kuirudisha dukani, na pampu unaweza kuiuza, kuikodisha, au kuihamishia shamba la ndugu yako.

Kuna na mambo yasiyohitaji mkopo kabisa. Mashimo ya zai (vishimo vya kukusanya maji ya mvua na samadi), matandazo, kupanda mbali na mkondo wa mto, kuchanganya kunde na mahindi: hayo ni jembe na jasho. Mtu akija kikundini kuomba fedha za kuchimbiwa mashimo ya zai ekari nzima tunamwambia aanze na robo ekari kwa mikono yake, tuone.

Kama unafikiria muhogo, usichukue vipando kwa jirani yeyote kwa vile ni vya bure. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia umekula muhogo wa Pwani miaka mingi, na mara nyingi hutaujua mpaka uung'oe muhogo na kuukata. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO pale Mtwapa kimetoa aina zinazoustahimili, zikiwemo Tajirika na Shibe. Muulize bwana shamba wa wadi yako anayezizalisha karibu nawe ni nani.

Hatua ya pili: chora miezi yako

Hapa ndipo mikopo mingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chora mstari wenye miezi 12. Malindi masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, Mei ndiyo mvua nyingi, Juni inapungua. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, ndogo na isiyoaminika. Weka alama pale unapopanda, unapopalilia, unapovuna, na pale unapouza, maana kuvuna na kuuza si siku moja. Pojo zilizopandwa katikati ya Aprili huvunwa mwishoni mwa Juni au mapema Julai. Ni siku 65 hadi 75. Mahindi ya muda mfupi yanataka miezi mitatu hadi minne. Muhogo ni miezi 8 hadi 12. Mwembe uliobebeshwa usiutegemee kukulipia kitu kabla ya mwaka wa tatu.

Sasa weka juu ya mstari huo tarehe za kulipa. Mkopo wa siku 30 unaangukia wakati wa palizi ya kwanza. Mkopo wa Hustler Fund, mfuko wa serikali wa kukopesha kwa simu uliozinduliwa 30 Novemba 2022, una riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini muda wake wa kulipa ni siku 14. Siku 14 baada ya kupanda, pojo zina majani manne. Huo ni mkopo mzuri kwa mama anayekaanga viazi karai, auzaye leo na kununua kesho. Kwa shamba haufai, labda uwe unaziba pengo la siku chache huku fedha ya mazao inakuja. Kumbuka pia kwamba asilimia 5 ya unachokopa huenda kwenye akiba yako moja kwa moja, kwa hiyo ukiomba 10,000 utapokea 9,500.

Mikopo mingine ya simu ni ghali zaidi. M-Shwari ilipoanza 2012 ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Inaonekana ndogo mpaka uiweke juu ya mstari wako: kutoka kupanda mahindi Aprili hadi kuyauza mwishoni mwa Julai ni vipindi vinne, yaani shilingi 3,000 juu ya 10,000. Na mkopeshaji hatasubiri vipindi vinne. Anaweza kupeleka jina lako CRB, wanaoweka kumbukumbu za madeni, ambako wakopeshaji wengi huchungulia kabla ya kumpa mtu fedha.

Mstari ukionyesha kwamba tarehe ya kulipa iko kabla ya siku ya kuuza, jiulize utalipa na nini. Kama jibu ni mbuzi, basi mkopo huo tayari umeshauza mbuzi wako, bado tu hujampeleka mnadani.

Jambo jingine: kabla ya kukopa sikiliza utabiri. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli, na Mamlaka ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi ya kaunti ya Kilifi. Utabiri si kiapo. Lakini wakisema mvua chini ya wastani, punguza upande wa kushoto wa karatasi yako kwa nusu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 eneo kubwa la Kenya kavu lilikosa misimu mitano mfululizo, na waliokopa kila msimu kwa matumaini ya ujao ndio walioumia zaidi.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya msimu mbaya

Hesabu ya msimu mzuri kila mtu anaijua, hata mlevi. Sisi tunadai ya msimu mbaya. Huu ni mfano wa ekari moja ya pojo kama tulivyouandika daftarini. Bei ni zetu za wakati huo, weka zako.

Kulima kwa trekta 3,500. Mbegu kilo 6, shilingi 1,500. Kupanda 1,500. Palizi mbili 5,000. Dawa ya vidukari 1,500. Kuvuna na kupura 3,000. Mifuko minne isiyopitisha hewa 1,000. Jumla 17,000.

Msimu mzuri: magunia manne ya kilo 90, ni kilo 360. Kwa shilingi 80 kilo utapata 28,800. Msimu mbaya: gunia moja na nusu, kilo 135, lakini bei hupanda kwa kuwa pojo ni chache, tuseme shilingi 100, utapata 13,500.

Mwanachama akikopa zote 17,000 kwa miezi minne, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, atadaiwa 20,400. Msimu mbaya ukija yuko chini kwa karibu 7,000 na hajala. Akikopa 8,000 tu, palizi akafanya na watoto wake, kupura akafanya mwenyewe, zilizopungua akatoa akibani, atadaiwa 9,600. Msimu mbaya atalipa na kubaki na 3,900. Si tajiri, lakini vuli ataingia shambani akiwa na mbuzi wake.

Kwa hiyo kipimo chetu: usikope zaidi ya kile ambacho gunia moja na nusu linaweza kukilipa. Wanachama wapya hukinung'unikia. Waliopitia 2021 na 2022 hawasemi kitu.

Kwa pampu hesabu ni tofauti kidogo. Anza na maji yenyewe. Visima vilivyo karibu na bahari hupanda chumvi wakati wa kiangazi, na nimeona mtu amekopa kununua pampu kumbe alikuwa akinyweshea mchicha maji ambayo hata ng'ombe anayakataa. Onja mwezi wa Februari, si Juni. Walio kando ya Sabaki wana maji matamu lakini wana mafuriko: mto ulivunja kingo 2018, ukavunja tena kwenye mvua za El Nino Novemba 2023. Pampu ya kule iwe juu ya magurudumu, na awepo mtu analala karibu anayeweza kuivuta usiku. (Viboko ni habari nyingine. Hakuna mkopo wa viboko.)

Hatua ya nne: chagua wa kukukopesha

Chama chenu ndipo pa kuanzia. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti. Hakuna hata mmoja anayeweza kulifungua peke yake, na kila mkutano tunahesabu kwa sauti chini ya mwembe, watoto wakisikiliza. Zamani tulitoza shilingi 10 kwa kila 100 kwa mwezi, kama vyama vingi. Mtu wa kuuza samaki aliimudu, mkulima alikimbia. Tukakubaliana kuwe na fungu la shamba: asilimia 5 kwa mwezi, hakuna malipo mpaka mwezi wa nne, na mkopaji alete mchoro wake wa miezi. Riba hiyo bado ni kubwa ukiilinganisha na benki, ila faida hurudi kwenu mkigawana mwisho wa mwaka. Kama chama chako hakina fungu la namna hii, lipeleke jambo mkutanoni. Ni mabadiliko ya ukurasa mmoja wa katiba.

Sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo, hufaa kwa vitu vya upande wa kulia. Kwa kawaida hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako na huhitaji wadhamini badala ya hati ya shamba. Ubaya ni kwamba lazima uwe umeanza kuweka mapema. Anayejiunga Februari akitaka pampu Machi amechelewa.

Shirika la Fedha za Kilimo, AFC, ni la serikali, lipo tangu 1963, na kazi yake ni kukopesha wakulima. Wao wanaelewa msimu. Lakini mikopo mikubwa watataka dhamana, na hapo tutafika.

Kwa Waislamu wasiotaka riba, nao ni wengi Malindi, mlango haujafungwa. Kenya imekuwa na benki za Kiislamu tangu 2008. Kwa pampu au tangi, ulizia murabaha: benki inanunua kitu chenyewe, inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu siku ya kwanza, unalipa kwa awamu. Ukichelewa bei haivimbi. Hata asiye Mwislamu anaweza kuutumia, na binafsi naona ndio mkataba ulio rahisi kuueleza kwa mzee asiyesoma.

Pampu za sola za lipa mdogo mdogo: angalia nini kinatokea usipolipa mwezi mmoja. Nyingi hufungwa kwa mbali, zikazima. Zikizima Januari, jua kali, tungule zikiwa na maua, umepoteza pampu na tungule pamoja.

Halafu kuna dalali. Watu humsema vibaya, nami humsema, lakini tumwangalie kwa haki. Dalali anayenunua maembe yako yangali maua anakupa fedha kidogo mno, kweli. Lakini upepo ukipukutisha maua hasara ni yake. Huo ni mkopo ghali na bima rahisi. Uza mti mmoja au miwili kwa njia hiyo ukiwa na shida, usiuze shamba zima. Anayekukopesha mbegu na dawa ili umwuzie yeye tu kwa bei atakayoitaja siku hiyo, huyo ni mwingine; hasara hubaki kwako na faida huenda naye.

Hatua ya tano: dhamana, na balaa la hati

Bara mkulima hutoa hati ya shamba kabatini. Hapa ukanda wa pwani wa maili 10 una historia yake: sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka watu wadai ardhi kwa maandishi, Wamijikenda wengi hawakufika kwenye hayo maandishi, na wajukuu wao hadi leo wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya mababu zao. Bila hati benki haikusikilizi, na bila mkopo wa muda mrefu huchimbi lambo wala hupandi miembe. Na aliyepo kwa hofu ya kufukuzwa hapandi mti hata ukimpa miche bure.

Kama huna hati, yapo mawili. Dhamana ya kikundi ndiyo iliyozoeleka. Ya pili haijulikani sana: sheria ya dhamana ya mali inayohamishika, ya 2017, inaruhusu mifugo, mashine, hata mazao kuwekwa rehani na kuandikishwa. Si kila mkopeshaji yuko tayari, lakini uliza kwa kutaja mwaka wa sheria. Afisa wa mikopo hukaa sawa kitini.

Kama unayo hati, taratibu. Shamba la kilimo haliwekwi rehani bila kibali cha bodi ya ardhi, na nyumba ya ndoa haiwekwi bila idhini ya mwenzi. Akina mama, karatasi ikiletwa usiku ili mtie sahihi haraka, isubiri asubuhi.

Hatua ya sita: soma kabla ya kutia sahihi

Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga huwa yameandikwa kwa herufi ndogo. Uliza riba ni bapa, yaani ya mkopo wote hadi mwisho, au ni ya salio linalopungua. Mfano: shilingi 60,000, mwaka mmoja, asilimia 18. Ikiwa bapa utalipa riba 10,800. Ikiwa ya salio linalopungua, ukilipa kila mwezi, riba ni kama 6,010. Asilimia ni ileile, tofauti ni bei ya tangi dogo.

Uliza ada ya kushughulikia, ada ya bima, na faini ya kuchelewa. Omba jumla yote iandikwe kwa shilingi, si kwa asilimia. Uliza kama unaweza kulipa baada ya mavuno badala ya kila mwezi. Na kama mkopo una bima ya mazao, uliza inalipa kwa kuangalia shamba lako au eneo zima. Nyingi huangalia eneo, na unaweza kukosa kila kitu huku majirani wamevuna, usilipwe hata senti.

Hatua ya saba: fedha ikifika

Usiipitishe nyumbani. Nunua kitu siku hiyohiyo, weka risiti. Kikundini kwetu mkopo wa shamba tunautoa mara mbili: nusu ya kulima na mbegu, nusu ya palizi baada ya mtu kwenda shambani kuona kweli kumeota. Mvua isipofika, nusu ya pili haitoki, na deni linabaki nusu. Jambo hili dogo ndilo limetuokoa kuliko yote.

Ukivuna usiuze zote kulipia deni wiki hiyo. Uza za deni, nyingine tia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, funga vizuri tabaka kwa tabaka, dumuzi na fukusi watakosa hewa. Bei ya Julai na ya Novemba hazifanani.

Hatua ya nane: msimu ukikataa

Nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada. Nenda na picha za shamba, na taarifa ya ukame ya kaunti kama ipo. Omba muda uongezwe kwa maandishi. Ukitishiwa kuuziwa shamba lililo rehani, jua kuwa mkopeshaji lazima akupe notisi ya miezi mitatu ya kulipa, na baadaye notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Muda huo si wa kujificha Mombasa, ni wa kutafuta wakili au kuuza kipande kwa bei yako.

Usikope kwa huyu kumlipa yule. Shangazi alifanya hivyo mara moja, simu tatu zikawa zinalia kwa zamu.

Sasa hivi ana deni moja tu, la tangi la lita 5,000 chini ya paa lake jipya la mabati, analipa Julai na Januari. Nilipopita juzi alikuwa amelala kivulini, simu iko ndani, imezimwa kwa sababu haina chaji.